Maboksi ya Rabab Chini ya Daraja

Kuna nyumba yenye dari, lakini haina mlango. Kila mtu huingia, na hakuna anayelala humo. Watoto wa Mit Sunbul hukujibu kabla hujamaliza kutega, maana nyumba hiyo wanaipita kila wanapokwenda mjini Tal Raihan. Ni daraja la reli, na barabara inapita chini yake. Mwenda kwa miguu hupita hapo bila kuliangalia. Punda vilevile. Wanaoinua macho ni wenye malori.

Siku ya kupeleka vyombo vya Rabab nyumbani kwa mumewe mtarajiwa, mama yake, Inshirah, alikaa mbele ya lori kando ya dereva, amepakata sanduku la vikombe. Nyuma walifuata wanawake kwenye pikapu mbili, wanapiga dufu na vigelegele hadi sauti zimekauka. Watu wengine hupeleka vyombo kwa pikapu tu, vitu vimesambazwa chini. Inshirah alikataa. Alitaka lori kubwa, lile la kubebea majani ya ngano, na vitu vipangwe kwenda juu ili aliye mbali avione. Kabati la vyombo lilisimamishwa wima, magodoro yakaegemezwa ubavuni, na juu ya kabati yakafungwa maboksi yenye picha: mikrowevu, mashine ya kuoshea sahani, jiko kubwa la gesi.

"Usta Wahdan," alimwambia dereva kwa jina la heshima walipoikaribia njia panda, "hapo shika kulia."

Dereva alikuwa mtu wa makamo, mwenye masharubu na maneno machache. "Kulia ni darajani, Mama Rabab. Sisi tunashika ya mferejini."

"Ya mferejini ina mashimo. Vioo vya watu vitavunjika."

"Mashimo ya mferejini nayajua moja moja, tunasalimiana. Usiwe na wasiwasi."

Inshirah akalipanga upya lile sanduku mapajani. Mashimo hayakuwa yakimsumbua. Ng'ambo ya daraja, mkabala na barabara, kulikuwa na nyumba yenye roshani ya kijani, nyumba ya Kauthar. Mwana wa Kauthar ndiye aliyemchumbia Rabab kwanza, kisha Kauthar akavunja uchumba, akadai dhahabu ya posa irudishwe, na akatuma ujumbe: vyombo vya watu wale havitajaza hata mkokoteni wa punda. Ujumbe ulipitia kwa mwuza mboga, kwa hiyo ulifika ukiwa umeshasikiwa na mtaa mzima.

"Shika kulia, Usta. Nakuomba."

"Lori tupu linapita pale. Hili la leo lina ghorofa."

"Hiyo ghorofa ni maboksi matupu." Aliyasema haya akiangalia nje dirishani, kama anayezungumza na miti. "Wallahi hamna kitu ndani. Nimeyaomba dukani kwa mkono wangu. Yakiguswa yatabonyea, tutapita."

Wahdan alimtazama. "Yote matupu?"

"Yote. Na neno hili liishie humu humu."

"Litaishia. Mimi nimebeba televisheni nyingi katika maisha yangu ambazo upepo ungezichukua." Akapunguza mwendo. "Lakini bado siipendi njia hiyo."

"Mwanamume mzima anaogopa karatasi. Ningejua, ningemkodi mwenye punda."

Kwa dereva wa Mit Sunbul hilo ni tusi, hata likisemwa kwa tabasamu. Wahdan akasonya chini ya masharubu, akakata kulia.

 

Kabati lilipita. Kila aliyekuwepo alisema baadaye kwamba kabati lilipita. Kisha ukasikika mlio wa chuma kwa chuma, na lori likasimama kama mtu aliyekamatwa ukosi na polisi. Kikombe kimoja kiliruka kutoka mapajani mwa Inshirah kikavunjikia miguuni mwa dereva.

Wahdan alijaribu kurudi nyuma. Magurudumu yalizunguka, moshi ukatoka, lori halikutoka. Akajaribu mbele, pakalia tena juu, na mchanga ukamwagika kutoka kwenye daraja juu ya kioo. Akazima injini.

"Umeniambia matupu," alisema polepole.

"Ni matupu."

"Boksi tupu halisimamishi lori, Mama Rabab."

Inshirah aliusukuma mlango. Alishuka, akainua macho, akaliona boksi la jiko, lile la mbele kabisa, limebanwa kati ya chuma cha daraja na paji la kabati, na pembeni mwake palipochanika panachungulia kitu cheupe kinachong'aa. Inshirah alikitazama kile kitu cheupe kama anayetazama mgeni asiyemwalika.

Watu hawakukawia. Wenye bajaji walizima bajaji zao wakaja kutazama kama wamealikwa. "Mwacheni," mmoja akasema, "daraja nalo limezeeka bila mke, leo limejiposea." Mwingine akamuuliza Wahdan kama alikuwa anapima daraja au analibeba. Treni ya kutoka kaskazini ilisimamishwa juu, karibu tu, na abiria wakatoa vichwa madirishani. Walipoona godoro lenye utepe mwekundu, wanawake wa treni wakapiga vigelegele. Wale wa kwenye pikapu, ambao asubuhi nzima walikuwa hawapumziki, walinyamaza kimya.

Kauthar alitoka kwenye roshani yake ya kijani. Inshirah alimwona na akangoja acheke. Hakucheka. Aliingia ndani, na muda si muda binti yake akashuka na sinia ya bilauri za maji baridi.

"Mama anasema poleni," msichana alisema. "Anasema wazee wakitaka kukaa kivulini, mlango uko wazi."

Inshirah alipokea bilauri. Afadhali angemwagiwa yale maji usoni.

Afisa wa trafiki alifika, kisha mtu wa reli, naye akasema hakuna treni itakayopita mpaka mhandisi aje alikague daraja. Amri ikatolewa mzigo ushushwe. Hapo ndipo wajomba wa Lutfi, bwana harusi, vijana wanene wenye moyo mzuri, walipofika mbio kutoka mjini, wakakunja mikono na kuanza kupanda.

"Anzeni na magodoro," Inshirah akasema haraka. "Hayo maboksi yaacheni. Ni vioo. Baba Rabab ndiye anayeyajua."

"Mama, sisi tunabeba magunia ya saruji kila siku."

"Nimesema yaacheni."

Mumewe, Abdulmaujudi, alikuwa ameshuka kwenye pikapu ya pili. Alikuwa mlinzi wa ghala la mbolea, mzee mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi kwa ajili ya siku ile. Alipanda. Alilifungua kamba boksi la mikrowevu, akalikumbatia, akashuka nalo ngazi moja moja, mgongo umepinda, magoti yanatetemeka, anahema kwa sauti. Mtu aliyebeba boksi lisilo na kitu, akihema. Kijana mmoja alisogea kumpokea.

"La," Abdulmaujudi alisema, "utateguka."

Akarudi kuchukua la mashine ya sahani, akahema tena, safari hii akasimama katikati kufuta jasho, na jasho lilikuwa la kweli. Wahdan alikuwa amesimama chini anatazama. Bila kuambiwa alikwenda akashika upande wa pili wa boksi, akapinda mgongo naye, wakalishusha wawili kama wanaoshusha jeneza.

Jiko lilitoka kwa nyundo na mtaimbo.

"Nani alikwambia upite hapa na mzigo huu?" afisa aliuliza, kalamu mkononi.

Inshirah alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya wino. Wajomba wa bwana harusi walikuwa karibu zaidi. Akafungua kinywa.

"Hakuna aliyeniambia," Wahdan alijibu. "Nilikosea kukadiria."

"Leseni ya miaka mingi, na unakosea kukadiria daraja la kwenu?"

"Nilikosea, bwana mkubwa."

Hakumtazama Inshirah hata mara moja. Na Inshirah akafunga kinywa. Wakamtia dereva kwenye gari la polisi, na vyombo vikamalizia safari kwa mikokoteni mitatu ya punda.

 

Kesho yake asubuhi alikuja mke wa Wahdan. Aliitwa Naima, mwanamke mfupi ambaye hata kugonga mlango aligonga kwa adabu. Alikuwa ameshika mto uliotariziwa.

"Huu umesahaulika kwenye lori, Mama Rabab. Nimeona usije ukatafutwa."

"Karibu ndani, dada. Kaa. Chai iko motoni."

Naima alikaa pembeni ya kiti, na chai hakuinywa. "Amelala kituoni. Kesho anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Wanasema daraja limepinda chuma, na reli wanataka mtu wa kulipa. Leseni wameshaichukua." Alilaza mikono mapajani. "Sikuja kulaumu. Nimekuja kuuliza tu. Wewe ulikaa naye mbele. Alikuwa mgonjwa? Alikuwa anasinzia?"

"Hapana."

"Basi ilikuwaje? Lile daraja analipita tangu hajaota ndevu. Nimemuuliza, ananiambia nilikosea, nilikosea. Wahdan akinunua nyanya mbaya hasemi amekosea. Husema jua lilikuwa kali. Leo anasema amekosea. Nimeogopa."

Inshirah aliinuka kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri. "Mungu atamtoa," alisema akiwa amempa mgongo.

"Amina," alisema Naima. Akangoja kidogo, kama mtu dukani anayengoja chenji yake, kisha akaaga.

Abdulmaujudi alikuwa uani, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajifanya anakarabati kiatu. Inshirah akamwendea.

"Lile jiko lilitoka wapi?"

Mzee aligonga msumari mmoja ulioshaingia. "Zamu yangu ya kupokea pesa za upatu kazini ilifika. Nilikuwa nimeambiwa ni mwezi ujao, wakanipa mapema."

"Ukanyamaza."

"Ulipoleta yale maboksi, niliyapokea. Sikukulaumu, najua kilichokuuma. Lakini usiku nilikuwa nawaza: mtoto atafungua maboksi yake huko kwa watu, moja baada ya jingine, hamna kitu, hamna kitu. Nilitaka liwepo moja la kweli." Akaweka nyundo chini. "Nikalitia mimi na Shukri wa ghalani alfajiri wewe ukiwa jikoni. Nilipanga uje ushtuke ukiliona. Kile chuma ndicho kilichokamata daraja. Nimemfunga mtu mimi."

"Wewe hukumfunga mtu."

"Kama lingekuwa tupu tungepita."

"Tusingekuwa pale kabisa," Inshirah alisema. Akaketi chini, vumbini, kwa nguo zake safi. "Yeye alikuwa anashika ya mferejini. Mimi ndiye niliyesema kulia. Nilitaka Kauthar aone. Nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba yote ni matupu, na nikamwita mwoga. Na alipoulizwa mbele ya watu, nikanyamaza."

Abdulmaujudi alikigeuza kiatu mikononi. Alikuwa mtu wa kuuliza vitendawili hata msibani, wajukuu wa mtaa walimjua kwa hilo, lakini siku hiyo hakuwa nacho hata kimoja.

"Tukisema," alisema mwishowe, "kina Lutfi watajua kuhusu maboksi. Mama yake ni mtu wa maneno."

"Najua."

"Harusi ni keshokutwa. Rabab ameshadaiwa dhahabu mara moja. Ya pili hatainuka."

"Najua, Baba Rabab. Tangu jana silijui jingine ila hilo." Alipangusa vumbi kwenye goti, likawa baya zaidi. "Hajasema kwa sababu yetu. Angesema tu, mwanamke huyu aliniambia matupu, angelala kwake. Alitustiri. Na mkewe mimi nimempa chai."

 

Nyumba mpya ya Rabab ilikuwa ghorofa ya tatu, kwa wakwe, na ilinuka rangi. Wanawake walikuwa wamejaa kupanga vyombo na kuvikagua, kama desturi, huku wakisema mashallah kwa midomo na kuhesabu kwa macho. Hajja Tafida, mama yake Lutfi, alikaa kwenye kiti katikati ya sebule, akiongoza kwa kidole. Maboksi mawili yalikuwa yamewekwa juu ya kabati, bado yamefungwa utepe. Jiko lilikuwa jikoni, mlango wake umebonyea ndani kama shavu la mtu asiye na meno.

"Mama Rabab, karibu, tunakungoja wewe," Hajja Tafida alisema. "Tuyafungue hayo tujue pa kuyaweka. Vijana wanasema mumeo hakuwaruhusu hata kuyagusa."

"Nipeni kisu," Inshirah alisema.

Rabab alikuwa dirishani anatundika pazia. Aligeuka. Yeye alikuwa hajui lolote.

Inshirah aliyashusha maboksi mwenyewe, moja kwa mkono mmoja, jingine kwa mwingine, na wanawake waliona jinsi yalivyoshuka. Alikata utepe wa kwanza, akafungua, akaliinamisha ili wote waone. Kikaanguka kipande cha gazeti. Akakata la pili. Hilo halikuwa hata na gazeti.

"Niliyaomba dukani," alisema. "Mume wangu hakutaka, mtoto wangu hajui, mwanao hajui. Nilitaka watu waseme tumepeleka vingi. Na dereva alitaka kupita njia ya mferejini. Mimi ndiye niliyemgeuza aje darajani, nikamwapia hakuna kitu juu. Sasa amefungwa, na mimi nakwenda kusema kituoni. Nimeona mlisikie kwangu kabla hamjalisikia sokoni."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akakohoa, kikohozi kile cha kuficha kitu, na mwingine naye akakohoa.

Hajja Tafida alilitazama boksi moja, akalitazama la pili. "Na jiko?"

"Jiko ni la kweli. Limenunuliwa na baba yake."

"Linawaka?"

"Sijui, Hajja."

Hajja Tafida aliinuka kwa shida, akaenda jikoni, wakasikia kiberiti mara moja, mara mbili. Akarudi. "Vichwa vitatu vinawaka. Cha nne kinafikiria." Akaketi. "Mwanangu anaoa binti, haoi duka. Haya, pangeni. Anayetaka boksi la kuatamishia kuku achukue, yako mawili."

Ndipo walipocheka, wote kwa pamoja, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamejizuia. Inshirah alicheka nao kidogo, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake.

Rabab hakucheka. Alimsindikiza mama yake hadi kwenye ngazi.

"Ungeniuliza," alisema. "Ungeniuliza tu kama nataka mikrowevu."

"Mwanangu."

"Hicho kicheko wewe utakiacha hapa leo. Mimi nitaishi nacho." Akarudi ndani kumalizia pazia.

 

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye mafua. Aliwasikiliza mke na mume waliosimama mbele yake bega kwa bega, na Wahdan kando, hajanyoa.

"Kwa hiyo wewe mama ulimwambia dereva kwamba boksi ni tupu, nalo halikuwa tupu."

"Nilidhani ni tupu."

"Na wewe mzee ulitia jiko ndani, hukumwambia mkeo."

"Ndiyo, bwana."

"Na wewe dereva ulijua mama alivyokwambia, ukaandikisha kwamba ulikosea kukadiria." Akapenga kamasi. "Kati yenu, kuna mtu aliyewahi kumwambia mwenzake jambo?"

Karani alicheka ndani ya mkono. Wahdan alikuwa ameyakodoa macho sakafuni, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Inshirah aliyaona, na hapo ndipo alipoelewa kwamba hata ule wema aliowatendea, yeye alikuwa amemvua Wahdan mbele za watu.

"Hata hivyo," kijana alisema, "usukani haukushikwa na mama. Dereva anaangalia juu, hata akiapiwa na malaika." Aliandika. Wahdan aruhusiwe kwenda nyumbani. Gharama za daraja zitagawanywa kesi itakaposikilizwa. Leseni ibaki hapa mpaka siku hiyo, na siku hiyo haikutajwa.

Nje, kwenye ngazi za jengo, Abdulmaujudi alimshika Wahdan mkono. Inshirah alikuwa na maneno tayari, ameyapanga njia nzima.

"Usta Wahdan, mimi..."

"Mama Rabab," Wahdan alimkatiza, si kwa ukali. "Nimechoka. Naima ananingoja." Akashuka ngazi akielekea barabarani, akitembea kama watu ambao maisha yao yote wamekuwa wakikaa kwenye usukani, kwa magoti mazito, bila kujua pa kuweka mikono.

 

Harusi ilifanyika. Mahema yalifungwa barabarani mbele ya nyumba ya Hajja Tafida, taa zikawekwa, na Rabab alipendeza mpaka watu wakasahau mengine yote kwa muda. Alimbusu baba yake mikono yote miwili. Kisha akambusu mama yake shavuni, haraka, kama mtu anayetia sahihi.

Sinia za wali na nyama zilikuwa zimekwisha kuondolewa Inshirah alipomwona Wahdan mwishoni mwa hema. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu ya sikukuu, na pindo la kanzu lilikuwa na vumbi hadi magotini. Kutoka Mit Sunbul hadi Tal Raihan si mwendo mfupi kwa asiye na gari, na njia aliyokuja nayo ilikuwa ya mferejini.

Inshirah hakumwita mtu. Alikwenda mwenyewe jikoni, akakwangua kilichobaki kwenye masufuria, akachagua nyama iliyokuwa nzuri, akamletea kwa mikono yake miwili.

Wahdan alikula tonge moja. "Umepoa," alisema.

"Nikupashie?"

"Hapana. Nenda kwa wageni wako, Mama Rabab."

Ngoma ilikuwa imepamba moto upande wa pili, na watu walikuwa wanamwita Inshirah kwa jina aje acheze. Hakwenda. Alisimama hapo kando ya kiti cha Wahdan, na jagi la maji mkononi, mpaka alipomaliza kula.